Lorica na Mianya Yake

Neno lorica nililijua kwanza kwa kuchapwa nalo. Nilikuwa seminari ndogo mwishoni mwa miaka ya 1960, na padri aliyetufundisha Kilatini hakuamini kwamba mvulana anaweza kulijua neno kabla hajalitaja katika hali zake zote, amesimama, kwa sauti: lorica, loricae, loricam, hadi mwisho. Ukikwama, fimbo. Upadri ulinipita, Kilatini kikabaki. Baadaye sana, nikiwa fundisanifu katika maabara ya majitaka, nilikutana na neno lile lile kwenye tone la maji kutoka madimbwi ya Ruai. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza kama kemikali zimenipanda kichwani.

Naishi Jericho, upande wa Eastlands jijini Nairobi, jirani na mtaa wa Jerusalem. Wazungu waliogawa majina ya mitaa walikuwa na Biblia mkononi, ingawa Yeriko yetu, iliyojengwa na baraza la jiji kwa ajili ya wapangaji wa mishahara midogo, haikuwa na ukuta wa kuangushwa na tarumbeta ya mtu yeyote. Kuta zilikuja baadaye. Nitazifikia.

Kwa Mrumi, lorica ilikuwa deraya: vazi la kukinga kiwiliwili, toka mabegani hadi nyongani. Kofia ya chuma ilikuwa na jina lake na ngao jina lake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 analijua vazi hili kwa jina la dirii, lile ambalo Paulo anawahimiza Waefeso walivae kifuani, dirii ya haki. Fungua Biblia ya Kilatini ukurasa huohuo, utakuta lorica. Goliathi naye anatoka vitani akiwa na lorica ya shaba yenye uzito wa shekeli 5,000, yaani zaidi ya kilo 50, na Daudi akivishwa mavazi ya vita ya Sauli anajaribu kutembea, anashindwa, anayavua. Kijana wa kuchunga kondoo aliona upesi jambo ambalo wafua vyuma wa dunia nzima wamehangaika nalo: vazi la kukinga mwili linapaswa kumwachia mwenye mwili nafasi ya kuishi ndani yake. Lazima apumue, ainame, ainue mkono, aende haja. Pale anapopatia nafasi ya kufanya hayo, adui naye anapatazama. Kwa hiyo nikionyeshwa lorica ya aina yoyote, iwe ya chuma, ya maneno au ya mnyama asiyeonekana kwa macho, huwa nauliza kwanza imeachwa wazi wapi.

Varro, msomi wa Kirumi aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, anasema lorica inatokana na lora, mikanda ya ngozi, kwa sababu watu wa kale walijifunga ngozi mbichi kifuani, mpaka Wagali walipoleta deraya ya pete za chuma. Varro alipenda kukisia asili za maneno na si kila alichokisia ni cha kushikwa. Lakini ngozi naiamini. Simama asubuhi ya Julai kwenye mzunguko wa City Stadium uwatazame vijana wa bodaboda wakiingia mjini kutoka Jogoo Road: jaketi limevaliwa kinyumenyume, au kifuani imening'inia aproni nzito ya ngozi bandia iliyoshonwa na fundi wa mtaani. Upepo wa pikipiki unaua kifua polepole, na wao wamejibu kwa njia aliyoieleza Varro. Mgongo wameuacha wazi, maana upepo hautoki huko.

Ngozi halisi utaipata Kariokor, sokoni, kwa mafundi wa viatu na mikanda. Jina la soko lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Ni kuhara, malaria na njaa. Hao hakuna fundi aliyewapima kifua.

Deraya za Warumi zilikuwa za namna tatu kubwa. Ile ya pete, lorica hamata, ilisukwa kwa maelfu kwa maelfu ya pete ndogo, kila moja ikishikana na nne, na ilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Inajikunja na mwili na haina mwanya wa macho, lakini ni matundu matupu: upanga hauikati, ncha kali ikipigwa kwa nguvu inaweza kuipasua. Ile ya magamba, lorica squamata, ilishonewa vipande vidogo vya chuma au shaba vilivyolaliana. Ya tatu ndiyo unayoiona kwenye sinema kila Pasaka, mabamba mapana ya chuma yaliyozunguka kifua na mabega. Wataalamu huiita lorica segmentata, jina lililobuniwa na wasomi wa Ulaya karne ya 16. Jina walilolitumia askari wenyewe halikutufikia.

Kwa muda mrefu hata umbo lake halikueleweka vizuri. Kulikuwa na picha zilizochongwa kwenye mnara wa Kaisari Trajani kule Roma, na vipande vya kutu. Kisha mwaka 1964, huko Corbridge kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji wakafukua sanduku la mbao lililofukiwa tangu karne ya 2, na ndani mna zana, mikuki na mabamba ya deraya yaliyoshikamana kwa kutu, bado yamepangika. Kutokana na mabamba hayo Mwingereza H. Russell Robinson, aliyekuwa mtunzaji wa silaha za kale London, aliweza kuunda deraya inayovalika. Nakala za siku hizi huwa na uzito wa kilo 9 hivi, na bati lake lina unene wa karibu milimita 1.

Sanduku na bati: mtu wa Nairobi akisikia maneno hayo mawili anajua aende wapi. Nilitoa mchoro wa deraya ya Corbridge, nikaukunja mfukoni, nikashuka Kamukunji. Pale jua kali hapakaliki kwa kelele. Mtu anakunjua pipa la mafuta kwa nyundo ya mbao, mwingine anatoboa karai, wa tatu ana safu ya masanduku ya wanafunzi wa bweni yamepakwa rangi ya samawati, na wote wanagonga juu ya vipande vya reli vilivyofanywa fuawe. Nilimwendea fundi wa masanduku ninayemfahamu kwa sura, kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa makovu meupe ya bati. Akafuta vidole, akaupokea mchoro.

"Mzee, hii ni ya kanisa? Ya mchezo wa Pasaka?"

"Ni ya askari wa Kirumi. Ya kweli."

Akaugeuza huku na huku. Hakuuliza habari za Roma. Aliweka kidole kwenye ukanda wa chuma unaozunguka tumbo, akahesabu mabamba kimoyomoyo, kisha akauliza swali ambalo mhadhiri angechukua saa nzima kulifikia: "Hizi zinashikana na nini? Kwa sababu ukizipiga riveti zote, huyu mtu hainami."

Nikamwambia kwa ndani kuna mikanda ya ngozi, kila bamba limepigiliwa riveti kwenye ngozi na si kwenye bamba jirani, ili yapandiane na kuteleza mtu anapoinama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi chuma ni changu, ngozi ni ya Kariokor. Geji 20 inatosha." Halafu akaona vibawaba na vifungo vya shaba mabegani, akakunja uso. "Hapa ndipo patakapoharibika. Chuma na shaba zikikutana, weka jasho, weka mvua, kutu inaanzia hapo. Na nani atamfunga huku nyuma? Hii mtu havai peke yake." Akanyoosha mkono wake mwenyewe juu, akajipapasa kwapani. "Na hapa amekufa."

Sikuwa nimemwambia lolote. Kwenye kambi za Kirumi wachimbaji huokota bawaba na vifungo vilivyovunjika kwa wingi, na toleo la baadaye la deraya hiyo lilipunguziwa vitu hivyo, likawekewa vifungo vichache na vigumu zaidi. Kwapa hawakulitibu. Askari alikingwa hapo na ngao yake upande wa kushoto, na kulia na nidhamu ya mwenzake aliyesimama karibu.

Fulana za kuzuia risasi ambazo askari wetu huvaa juu ya sare zina mwanya uleule. Kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi kama Kevlar, ambayo Stephanie Kwolek, mwanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, aliivumbua mwaka 1965. Kitambaa kitupu huzuia risasi za bastola. Risasi ya bunduki kubwa inahitaji bamba gumu litumbukizwe mfukoni, moja mbele na moja nyuma. Tumerudi kwenye mabamba, na ubavuni bado ni kitambaa.

Warumi hawakuliacha neno mwilini. Julius Caesar, akieleza jinsi kambi yake moja huko Galia ilivyozingirwa majira ya baridi ya mwaka 54 kabla ya Kristo, anasema juu ya boma ziliwekwa loricae za fito zilizosukwa, na miaka miwili baadaye huko Alesia akaweka nyingine juu ya tuta lake. Hapo lorica ni ukingo wa kifuani, wa askari kujikinga akiwa amesimama juu ya ngome, na Caesar anautaja sambamba na meno ya ukuta, yaani sehemu ndefu na fupi zinazopishana, maana anayejificha lazima pia achungulie. Waashi nao wakalichukua. Kwa Vitruvius, aliyeandika juu ya ujenzi, lorica ni kinga ya ukuta wenyewe, ile tabaka au safu ya matofali inayouzuilia mvua. Nyumba nayo ikavishwa.

Kabla sijaingia kwenye nyumba zetu, kuna lorica nyingine ambayo niliisikia seminari na sikuipenda, nikaja kuipenda uzeeni. Ni sala. Wamisionari wengi waliofanya kazi Kenya walikuwa Wairishi, wakiwemo wa shirika la Mtakatifu Patrisi lililoanzishwa Kiltegan tarehe 17 Machi 1932, ambao walifanya kazi kubwa Kitui na Turkana. Wairishi wana sala ya kale inayoitwa Lorica ya Mtakatifu Patrisi. Mapokeo yanasema Patrisi aliisali mwaka 433 alipokuwa akienda Tara, kwenye makao ya mfalme, na watu wakamvizia njiani wamuue. Wakaona tu kulungu wakipita na mtoto mmoja nyuma yao. Wataalamu wa Kiirishi cha kale wanasema lugha yake ni ya karne ya 8 hivi. Kwa hoja yangu hilo halina uzito mkubwa. Mwenye kusali hujifunga Utatu, kisha nguvu za mbingu na nchi, kisha anamweka Kristo kila upande wake: mbele, nyuma, juu, chini, kulia, kushoto. Mafundi wa chuma walikubali kwamba haiwezekani kufunika pande zote. Mshairi huyu hakukubali.

Na yupo aliyemzidi. Laidcenn, mtawa na msomi wa Kiirishi aliyefariki mwaka 661, anahusishwa na lorica ya Kilatini ambayo haitosheki na pande. Inataja viungo, kimoja kimoja: fuvu, nyusi, macho, pua, meno, ulimi, koo, mabega, viwiko, kucha, mbavu, figo, matumbo, kibofu, uboho, hadi nyayo. Kwa baadhi ya viungo amechimbua Kiebrania na Kigiriki cha ajabuajabu, kana kwamba shetani anaweza kuwa anajua jina la kawaida la kiungo na si lile la siri. Nilipokuwa kijana niliiona ni orodha ya bucha. Sasa nina sukari na goti bovu, na namwelewa mtu anayeogopa kwamba kiungo kisichotajwa ndicho kitakachochukuliwa.

Waislamu wa Pumwani hawahitaji kuelezwa haya. Hirizi iliyoshonewa ngozi, yenye aya ndani, ni kinga ya jambo hilihili, ingawa masheikh wengi huikemea. Lakini mfano ulio karibu zaidi uko kwa ndugu zetu Waithna-asheri, ambao katika nyusiku tukufu za Ramadhani husoma Dua Jawshan al-Kabir. Jawshan ni deraya. Mapokeo yao yanasema Mtume alikuwa vitani, amelemewa na uzito wa deraya yake, ndipo Jibrili akamletea dua hiyo, aivue ile ya chuma na ashike hii. Ina sehemu 100, na kila sehemu inataja majina na sifa kumi za Mungu. Laidcenn alitaja viungo vya anayelindwa. Jawshan inamtaja Mlinzi. Wa kwanza alikuwa na wasiwasi wa kusahau kidole. Msomaji wa Jawshan ameondoka kabisa kwenye mwili, na mimi Mkatoliki nakiri hapo tumeshindwa kwa pointi.

Sasa Ruai. Majitaka ya sehemu kubwa ya Nairobi husafiri kwa mabomba hadi mtambo uitwao Dandora, ambao kwa kweli uko Ruai, kando ya Barabara ya Kangundo. Umebuniwa kupokea takribani mita za ujazo 160,000 kwa siku. Hakuna mashine nyingi. Ni madimbwi makubwa yaliyofuatana, mengine marefu kuliko uwanja wa mpira mara kadhaa, na kazi yote inafanywa na jua, bakteria na mwani. Maji huingia meusi upande mmoja na kutoka ya kijani upande wa pili, kuelekea Mto Nairobi. Watazamaji wa ndege huja na darubini zao kuangalia bata na vitwitwi waliohama Ulaya. Sisi tulikuwa na hadubini.

Katika madimbwi ya mwisho, ambako hewa ya oksijeni imerudi majini, unaweka tone kwenye kioo na unakuta rotifa. Ni mnyama kamili, ana mdomo, taya, tumbo na mayai, lakini mwili wake wote ni kati ya sehemu ya kumi ya milimita na nusu milimita. Kichwani ana vinyweleo vinavyopiga maji kwa mpangilio ambao jicho linaona magurudumu mawili yakizunguka, na kwa mkondo huo hujiletea mwani na bakteria mdomoni. Aliyetawala madimbwi ni Brachionus, na Brachionus amevaa. Kiwiliwili chake kimo ndani ya ganda gumu linalopitisha mwanga, na vitabu vya elimu ya viumbe vinaliita ganda hilo lorica. Lina tundu la mbele ambamo kichwa hutokea, na tundu la nyuma la mguu wake mmoja wenye vidole viwili. Gusa kioo kwa ncha ya penseli, kichwa kinatoweka ndani. Ngoja kidogo, magurudumu yanatokeza tena. Karibu wote ni majike, wanazaa bila dume, na mayai huyabeba nje ya ganda, yamening'inia nyuma. Pale maabara tuliwaita kina mama Gikomba, maana wanatembea na marobota mgongoni na hawaachi kula.

Tulifurahi kuwaona. Rotifa wengi wenye mayai maana yake dimbwi linapumua.

Nitawaambia jambo moja juu yao ambalo kila ninapolieleza watu hudhani nimelitunga. Brachionus ana adui, Asplanchna, ambaye naye ni rotifa, mkubwa zaidi, laini, hana lorica kabisa. Amekuwa angavu hata unaona chakula chake kikiwa tumboni bado kizima. Mwaka 1952 Mfaransa Paul de Beauchamp alionyesha kwamba Brachionus wa jamii ya calyciflorus akiishi kwenye maji aliyopita Asplanchna, watoto wake huzaliwa na miiba mirefu kwenye lorica. Mama habadiliki. Yeye ameshafungwa ndani ya ganda alilozaliwa nalo. Lakini harufu ya adui majini inafika kwenye mayai, na kizazi kinachofuata hutoka na miiba inayotanuka pembeni, hata Asplanchna akimkamata anashindwa kummeza. John Gilbert wa Marekani aliendeleza utafiti huo miaka ya 1960. Ondoa adui, maji yakasafika harufu yake, na watoto wanaozaliwa baadaye wana miiba mifupi au hawana.

Baada ya hapo nilianza kuziona lorica kila mahali. Katika madimbwi hayohayo kuna Trachelomonas, kiumbe cha seli moja, chenye ganda la kahawia kwa sababu limejaa chuma na manganisi. Deraya ya chuma halisi, kwa kiumbe kisichoonekana kwa jicho, yenye tundu moja dogo juu la kutolea mjeledi anaoogelea nao. Baharini, Mombasa na kwingineko duniani, wapo tintinidi, ambao baadhi yao hujenga lorica kwa kugandisha chembe za mchanga. Karne ya 19 wataalamu waliwaweka mamba katika kundi waliloliita Loricata kwa ajili ya zile ngozi zao za mgongoni, na hilo nadhani halihitaji maelezo kwa mtu aliyevuka Mto Tana. Yupo pia yule samaki mweusi wa mapambo anayenyonya kioo, utamkuta ndani ya tangi kwenye hoteli za Buruburu. Ukoo wake ni Loricariidae, kambale wa Amerika ya Kusini waliofunikwa mabamba ya mfupa. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na akikua, mwenye tangi hutafuta mto wa kumtupa. Kule Mexico walipoingia kwenye bwawa la Infiernillo waliwatia hasara wavuvi wa tilapia, kwa sababu wanajaa nyavuni na mabamba yao hukata nyuzi. Mgeuze chali: katika jamii nyingi za ukoo huo tumbo ni ngozi tupu.

Na kuna waliolichukua jina zima. Mwaka 1982, katika kituo cha utafiti cha Roscoff, pwani ya Ufaransa, Mdenmaki Reinhardt Kristensen alikuwa akimaliza kazi na wakati umemwishia. Badala ya kufuata njia ndefu ya kutenganisha wanyama wadogo na changarawe ya baharini, aliisuuza sampuli kwa maji matamu. Wanyama ambao kwa kawaida hujishikiza kwenye chembe za changarawe wakaachia kwa mshtuko, na miongoni mwao mkawa na kiumbe ambacho hakuna aliyekiweka kwenye daftari. Mwaka 1983 akalitangaza kundi jipya kabisa la wanyama, Loricifera, wabeba lorica. Ni wadogo kuliko milimita moja, na kichwa, mdomo na miiba vyote hurudishwa ndani ya ganda. Mwaka 2010 Waitalia wakiongozwa na Roberto Danovaro walitangaza kwamba wamewapata wakiishi chini ya Bahari ya Mediterania, kina cha zaidi ya mita 3,000, kwenye chumvi kali isiyo na oksijeni hata kidogo. Watafiti wengine wakauliza baadaye kama hiyo si mizoga tu. Mjadala wa wanaojifungia ndani na kuonekana wafu kwa walio nje naufahamu vizuri, naishi Eastlands.

Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, kwa awamu tano, karibu nyumba 5,000, kwa watu wa ofisini waliokuwa wakianza maisha. Wabunifu walizipanga nyumba kuzunguka viwanja vya nyasi, mlango ukitazama mlango, na watoto wakicheza katikati. Niliwahi kwenda huko kuchumbia. Hapakuwa na geti. Baadaye wizi ukaja na bunduki. Kila uwanja ukafungwa geti, kila geti likaajiri mlinzi, kila ukuta ukaota vipande vya chupa, kisha seng'enge ya wembe, kisha waya wa umeme. Madirisha yakavaa grili. Kwetu Jericho, Maringo, Bahati, hata mwenye chumba kimoja akaweka grili. Fundi wa kuchomelea akawa mtu wa lazima kuliko mwashi.

Simlaumu yeyote. Harufu ya Asplanchna ilikuwepo majini na sisi tukaota miiba. Ila rotifa akikosa harufu huiacha miiba, na mimi sijaona Nairobi grili iliyong'olewa kwa sababu mtaa umetulia.

Na ubaya wa grili ni kwamba aliyeiunda alifikiria tu anayetoka nje kuingia. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, liliteketezwa kwa moto. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wavulana 67 walikufa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaotaka madirisha ya mabweni yasiwe na grili, na milango ifunguke kwa kusukumwa kuelekea nje. Mwongozo huo ni wa shule. Kwa nyumba zetu, za vyuma mbele na vyuma nyuma, jiko la gesi likiwa limekaa mlangoni, kila mtu yuko na akili yake.

Mwaka jana binti yangu na watoto wake walihamia kwetu, nikaita fundi wa kuchomelea kutoka Jogoo Road aje aangalie grili ya dirisha la chumba cha nyuma. Nilitaka aikate, aiweke kwenye bawaba, ifunguke.

"Mzee, grili ya kufunguka?" akasema. "Sasa mwizi si naye atafungua?"

"Weka komeo kwa ndani, pembeni kabisa, mkono ukiingizwa kutoka nje usifike. Na usiweke kufuli."

"Bila kufuli?"

"Moto ukiwaka nani atatafuta ufunguo?"

Akasimama akipima kwa macho, kisha akaingiza mkono wake mwenyewe kati ya vyuma kutoka nje, mpaka begani, akijaribu kufika kila pembe. Alipopata mahali ambapo vidole havikufika, akapatia alama kwa chaki. Bei ikapanda, kwa bawaba mbili nzito na mafuta ya kuzuia kutu, na mke wangu akagoma kumlipa salio kabla mjukuu wetu wa miaka saba hajaifungua mwenyewe taa zikiwa zimezimwa.